Nani Atuchoree Mtunya?

Jioni ya leo nina jambo moja mezani, nalo ni mchoraji. Namsema yule mtu mmoja atakayekabidhiwa kitabu kizima cha hadithi ya picha, kisa kirefu kinachokwenda kwa vibonzo tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kitabu ambacho siku hizi wengi wanakiita riwaya ya picha. Mtu wa kazi hiyo unampata wapi hapa Dodoma, na ukishampata unajuaje kuwa ndiye?

Nauliza kwa sababu kuna hadithi ya hapa kwetu ninayotamani kwa moyo wote ichorwe. Ni hadithi ya Mtunya.

Mtunya ndilo jina Wagogo waliloipa njaa ya kati ya 1917 na 1920. Mvua zilikatika, ni kweli, lakini Ugogo imezoea mvua kukatika na watu wake wana njia zao za kuvuka mwaka mbaya. Safari hii njia hizo zilikuwa zimezibwa na Vita vya Kwanza vya Dunia. Aprili 1916 majeshi ya upande wa Waingereza, wengi wao wapanda farasi kutoka Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer, yaliingia Kondoa. Mwisho wa Julai mwaka huohuo yakaiteka Dodoma pamoja na reli. Wajerumani kabla ya kuondoka walikuwa wamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza walipofika nao wakahitaji ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Kwa hiyo jua lilipokuja kuchoma mashamba, lilikuta vihenge vitupu na mazizi matupu, na wenye nguvu za kulima hawapo.

Mathias Mnyampala, malenga wa hapahapa Dodoma, huyu tunayemkumbuka kwa ngonjera, alizaliwa 1917, mwaka Mtunya ilipoanza. Mwaka 1954 alichapisha kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Wanahistoria waliomfuata nao wameichunguza njaa hii kwa kina. Maandishi yapo, ila mtoto wa darasa la sita pale Hombolo hajapata kuiona sura ya bibi wa bibi yake akikuna ganda la kihenge kutafuta punje.

Vita hivyohivyo, kwa upande wa Ziwa Tanganyika, vimeshachorwa. Barly Baruti, Mkongo mzaliwa wa Kisangani, alishirikiana na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie, na mwaka 2014 wakatoa kitabu kiitwacho Madame Livingstone, kwa Kifaransa. Ndani yake mna meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, hii ambayo leo ni MV Liemba. Meli hiyo iliundwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha na kusafirishwa kutoka Dar es Salaam kwa reli ya kati. Yaani makasha yale yalipita stesheni yetu. Meli iliyopita hapa imepata kitabu chake cha picha, na watu waliokufa njaa kando ya reli ileile bado. Hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya nianze kutazama kazi za wachoraji.

Nchi hii haina upungufu wa wachoraji wa katuni. Waliosoma gazeti la Uhuru zamani wanamkumbuka Chakubanga wa Christian Gregory. Waliokua miaka ya themanini walikopeshana jarida la Sani mpaka kurasa zikachanika, wakicheka na Madenge, Kipepe na Ndumilakuwili. Philip Ndunguru, aliyekuwa nguzo ya uchoraji pale Sani, alifariki 1986, na wahusika wa jarida lile wakaendelea kuchorwa na mikono mingine. James Gayo akatupa Kingo. Masoud Kipanya yuko nasi kila asubuhi gazetini na kwenye simu. Godfrey Mwampembwa, Gado, kijana wa Dar es Salaam, alihamia Nairobi 1992 na akawa miongoni mwa wachora katuni wanaoogopwa zaidi na wakubwa wa Afrika Mashariki nzima.

Nawaheshimu wote hao. Lakini katuni ya gazeti ni kazi moja, na riwaya ya picha ni kazi nyingine. Mchora katuni ya gazeti anakusanya jambo zima la siku ndani ya kisanduku kimoja, msomaji anacheka au ananuna, imekwisha, kesho kisanduku kingine. Mchoraji wa kitabu anapaswa kukaa na mama mmoja kwa kurasa tisini na sita. Amchore akiwa kijana, akiwa amekonda, akiwa amegeuka, akiwa mbali kwenye msafara, akiwa gizani anasikika tu, na kila mara msomaji amjue kuwa ni yeye. Kumpima mchoraji wa kazi hiyo kwa picha moja nzuri ni sawa na kumpima mpagazi kwa hatua kumi za kwanza akiwa ameshiba.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, waandishi, taasisi na mashirika kwa pamoja. Mtu anaonyeshwa picha ya simba iliyochorwa kwa rangi zinazong'aa, au sura ya kiongozi inayofanana naye kama fotografia, anasema huyu ndiye, anampa kazi. Miezi minne baadaye anapokea kurasa ambamo mhusika mkuu ana sura sita tofauti.

Kwa hiyo mimi nasema: usiombe picha, omba kurasa. Tatu zinatosha, zifuatane, zitoke kwenye hadithi yako mwenyewe, na kila mchoraji apewe maandishi yaleyale. Picha zake alizonazo kwenye simu zitazame kwa adabu, ni kazi yake na amezihangaikia, lakini uamuzi usiufanyie hapo.

Na usimpe kipande rahisi. Mimi kwa Mtunya nimechagua hivi. Ukurasa wa kwanza, mama anatwanga mtama uani, mtoto mgongoni, ng'ombe wanarudi. Wa pili, askari wawili na karani wanafika, wanataka nafaka, maneno machache, kutazamana kwingi. Wa tatu, usiku, mama na mumewe wanaongea chini kwa chini juu ya kihenge kilichobaki nusu, na hakuna taa. Ndani ya kurasa hizo tatu kuna mikono inayofanya kazi, kuna mnyama, kuna nguo za kijeshi, kuna hofu isiyosemwa, kuna giza. Asiyeweza mojawapo ataonekana mapema, kabla fedha haijatoka.

Mbele yangu hapa studio nina ukurasa mmoja wa kwanza uliochorwa kwa penseli na kupitishwa wino. Una visanduku sita. Kwenye kisanduku cha kwanza mama ana bangili tatu mkono wa kushoto. Kwenye cha tatu bangili zimehamia kulia. Kwenye cha tano hazipo. Nyuma yake kuna nyumba ya msonge, duara, yenye paa la nyasi lililochongoka. Kila aliyelelewa Ugogo anajua hapo pamekosewa: nyumba yetu ya asili ni tembe, ndefu, ya fito na udongo, yenye paa la bapa lililokandikwa, fupi kiasi kwamba mtu mrefu huinama mlangoni, nayo huzunguka ua wa mifugo. Msonge ni picha ya "kijiji cha Afrika" inayochorwa na yeyote asiyetazama mahali anapopachora.

Halafu ukitazama ng'ombe wa kisanduku cha pili, kauli inakukauka. Wanne, wanaingia zizini. Nundu ya mmoja imelalia upande kidogo, kama inavyolala kwa ng'ombe aliyekosa malisho. Mfupa wa nyonga umesukuma ngozi. Wa mwisho amegeuza shingo kutazama kitu ambacho sisi hatukioni, na mama, kwenye kisanduku kinachofuata, naye ameinua uso kuelekea hukohuko. Mchoraji huyu ametumia macho ya ng'ombe kutuambia kuwa kuna watu wanakuja. Hakuna aliyemwagiza, kwenye maandishi halipo.

Mimi huyo ningempa kazi. Bangili ni jambo la karatasi moja ya mfano: mhusika achorwe mbele, nyuma, upande, na kila alichovaa kiandikwe, karatasi ibandikwe ukutani juu ya meza ya kazi. Tembe ni jambo la siku moja ya safari na daftari. Lakini kuona kwamba ng'ombe anaweza kuhabarisha kabla ya binadamu ni kitu ambacho humfundishi mtu kwa mwezi mmoja. Anayepima wachoraji lazima ajue kosa lipi linatibika na lipi ni maumbile ya mkono, la sivyo atawaacha wazuri kwa sababu ya bangili, achukue wasafi wasio na kitu.

Zamani kidogo mtu aliyekuletea kurasa tatu ulijua amezichora. Siku hizi programu za akili mnemba zinatoa picha kwa sekunde, na zipo zinazopendeza sana machoni. Dawa yake ni kukaa naye. Mpe penseli, mwambie, ndugu yangu, huyu mama uliyemchora mbele, nichoree sasa akiwa ameinama, umtazame kutokea mgongoni. Nusu saa, mkiwa pamoja, chai ipo. Mwenye mkono wake atachora, atafuta, atachora tena, na kule kufuta kwake kutakufundisha mengi kuliko picha iliyokamilika. Ataanza kukuuliza: kanga zilikuwepo, au kaniki? Mtoto amebebwa kwa ngozi au kwa nguo? Mchoraji anayeuliza maswali ya namna hiyo mshike usimwachie.

Kwa sababu kazi hii inataka upelelezi. Askari wa Kijerumani walivaa kofia yenye kitambaa kinachofunika kisogo. Wale wa van Deventer walikuja na farasi, na farasi walikufa kwa wingi njiani kwa maradhi. Sasa niambie, ni wachoraji wangapi wa Dodoma wamewahi kumchora farasi, tena farasi mgonjwa? Lakini hili linatafutwa. Kuna mkusanyiko mkubwa wa picha za zama za ukoloni wa Kijerumani unaotunzwa kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, na mtu anautazama kwa intaneti akiwa Chadulu. Ukimwuliza mchoraji farasi atamtoa wapi akakujibu "nitabuni", hapo weka alama.

Kabla sijafika kwenye fedha nataka niseme neno kuhusu Kolo. Ile michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na ambayo Mary Leakey aliinakili mwaka 1951 kwa kazi ya subira kubwa, watu wanapenda kusema kuwa ndiyo katuni ya kwanza ya Afrika. Sikubaliani nao. Michoro ile imepandana, mmoja juu ya mwingine, imechorwa kwa vizazi vingi na kwa sababu zake, mingine ya ibada, na hadi leo lipo pango pale Kolo ambako watu hufanya matambiko. Tusiifanye iwe kitu kisichokuwa. Lakini kila mchoraji wa riwaya ya picha anayeishi uwanda huu ningependa apande mlima ule. Watu wale wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu hawana macho wala midomo, na bado unawatofautisha kwa mbali: huyu kwa nywele zake zilizotuna, yule kwa namna alivyopinda kiuno. Na hicho ndicho kipimo cha mwisho ninachokitumia kwenye kurasa za majaribio. Nawaza wahusika wote wamejazwa wino mweusi, hakuna sura, vivuli tu. Je, namjua nani ni mama, nani ni karani, nani ni mzee? Kama wote ni kivuli kimoja, msomaji atapotea kwenye ukurasa wa ishirini.

Wachoraji wa namna hii wapo wapi? Wengi wanadhani ni lazima uende Dar es Salaam, na kweli tangu treni ya umeme ianze safari mwaka 2024 Dar imekuwa jirani. Lakini mimi ningeanza hapa. Ningetembea Majengo na Sabasaba nikitazama mabango ya saluni, yale yaliyochorwa kwa brashi vichwa vyenye mitindo ya nywele, maana fundi wa bango anajua herufi, anajua tarehe ya kukabidhi kazi, anajua mteja atalalamika. Ningeuliza Chuo Kikuu cha Dodoma ni mwanafunzi gani anayechora wenzake wakati wa mhadhara, hata kama anasomea hesabu. Ningewatafuta waliochora vitabu vya watoto. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991, ulipitisha mikono mingi katika nchi hii. Na ningeuliza parokiani, kwa sababu makanisa yetu ya vijijini yana kuta zilizochorwa njia ya msalaba, na njia ya msalaba ni hadithi ya picha kumi na nne zinazofuatana ambamo mtu mmoja lazima atambulike hadi mwisho. Aliyeichora hiyo vizuri ameshafanya nusu ya mtihani wangu.

Sasa fedha, ambapo nitasema bila kuzunguka. Kurasa za majaribio zilipwe. Zilipwe hata kama mchoraji hakuchaguliwa. Kuna desturi mbaya ya kuwaita vijana kumi, kila mmoja achore bure "tuone uwezo", halafu mmoja anachukuliwa na tisa wanarudi nyumbani wakiwa wamepoteza wiki na wino. Ipo na desturi nyingine mbaya zaidi, ya kumwambia mtu achore kitabu kizima kwa sababu "utapata jina". Jina halilipi kodi ya chumba Nkuhungu.

Hebu tupige hesabu pamoja. Vitabu huchapwa kwa mafungu ya kurasa kumi na sita, kwa hiyo tuseme kitabu chetu kina kurasa 96. Ukurasa mmoja, mchoro wa awali, penseli, wino na herufi, mchoraji mwepesi anautoa kwa siku mbili. Hizo ni siku 192. Akifanya kazi siku sita kwa wiki ni wiki 32, zaidi ya miezi saba, na hapo hajaugua, hajasahihisha ukurasa hata mmoja, wala hujamwomba rangi. Nani atamlisha muda huo wote? Mwandishi anayetaka kazi ya namna hiyo lazima aje na mpango wa malipo kwa awamu: kianzio siku ya kusaini, kisha malipo kila fungu la kurasa kumi na sita linapokabidhiwa, na mrabaha kitabu kikiuzwa. Kama fedha haitoshi kwa kurasa 96, andika hadithi ya kurasa 32 na uilipe yote.

Mkataba uandikwe kwa Kiswahili ambacho wote wawili wanakielewa. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, tuna COSOTA inayosimamia hakimiliki, na ulinzi wa kazi unadumu uhai wote wa msanii na miaka hamsini baada ya kufa kwake. Kwa hiyo mnachosaini leo kitawagusa hata wajukuu. Semeni wazi nani ana haki gani juu ya wahusika, nani anabaki na karatasi halisi zilizochorwa kwa mkono, itakuwaje kitabu kikigeuzwa filamu au kikitafsiriwa. Na jina la mchoraji likae juu ya jalada, sambamba na la mwandishi, kwa herufi za ukubwa uleule. Kwenye riwaya ya picha yeye ni mwandishi wa pili, wala hana haja ya kuomba hadhi hiyo.

Liko jambo dogo la herufi ambalo huwa linasahaulika. Kiswahili kina vitenzi virefu. Neno kama "hawakutuachia" linakula mstari mzima wa kiputo. Mchoraji asiyepanga nafasi ya maneno tangu kwenye penseli ataishia kufunika uso wa mhusika. Kwenye kurasa tatu za majaribio, mwambie aandike maneno mwenyewe, kwa mkono, halafu mpe mtoto azisome kwa sauti. Akikwama kujua kiputo kipi kinatangulia, panga upya.

Basi, kwa wachoraji mnaonisikia, mlioko Mpwapwa, Kongwa, Bahi, Manyoni, Kondoa na hapa mjini, wanawake kwa wanaume, wenye cheti na wasio nacho: maandishi ya kurasa zile tatu yapo mapokezi hapa kituoni kuanzia kesho saa mbili asubuhi. Penseli inatosha. Andika namba yako ya simu nyuma ya kila karatasi, na siku ya kuzirudisha uwe na nusu saa ya kukaa. Malipo ya kurasa hizo utasaini na kuyachukua siku hiyohiyo.